Kisiwa cha Mbali na Taka za Nyuklia: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kisiwa kikiwa mbali, taka za nyuklia zikifukiwa humo zimekwisha.

Ukweli: Hii ndiyo hoja inayosikika zaidi, hata hapa Kigoma, nayo ni dhaifu kuliko zote, kwa sababu kinachozitoa taka hizo zilikofukiwa ni maji, na kisiwa kimezungukwa na maji. Marekani ililipua mabomu 43 ya majaribio katika visiwa vya Enewetak, Bahari ya Pasifiki, kati ya mwaka 1948 na 1958. Miaka ya 1977 hadi 1980, wanajeshi wake walikusanya udongo na vifusi vyenye mionzi, wakavijaza katika shimo lililoachwa na bomu mojawapo kwenye kisiwa cha Runit, kisha wakalifunika kwa kuba la zege lenye unene wa takriban sentimita 46. Juu walifunika, chini hawakutandika kitu. Ardhi ya kisiwa hicho ni matumbawe yenye vitundu, hivyo maji yaliyo chini ya kuba hupanda na kushuka kwa kufuata kujaa na kupwa kwa bahari. Wataalamu wa Marekani wanasema kuba haliko katika hatari ya kubomoka karibuni, na kwamba mionzi iliyomo ndani yake ni kidogo ikilinganishwa na ile iliyokwishatuama kwenye sakafu ya bahari iliyo kando yake, maelezo ambayo kwa maoni yangu hayamfariji mvuvi yeyote. Miongoni mwa taka hizo imo plutoniamu-239, metali yenye mionzi ambayo huchukua takriban miaka 24,100 kupungua nusu.

Dhana: Visiwa hivyo havina watu.

Ukweli: Mara nyingi vina watu wasio na sauti katika mji mkuu. Taiwan ilianza mwaka 1982 kupeleka taka za mionzi hafifu katika kisiwa cha Lanyu, ambako Watao, wenyeji wa kisiwa hicho, huishi kwa kutegemea bahari na husubiri msimu wa samaki aina ya panzi kama sisi tunavyosubiri dagaa. Wenyeji wanasimulia kwamba waliambiwa kinajengwa kiwanda cha samaki wa makopo. Yalifika karibu mapipa 100,000 kabla upelekaji haujasitishwa mwaka 1996, na baadaye mengi yalikutwa yameliwa na kutu, kama inavyotarajiwa kwa chuma kinachopigwa na upepo wa chumvi.

Dhana: Maji yenye kina kirefu humeza kila kitu.

Ukweli: Nchi wanachama wa Mkataba wa London ziliamua mwaka 1993 kupiga marufuku utupaji wa taka zote za mionzi baharini. Kwa Ziwa Tanganyika hoja hiyo haifai kabisa. Kina chake hufikia mita 1,470, lakini mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, ulioko Kongo, na sehemu kubwa ya maji hupotea kwa mvuke huku vilivyomo vikibaki. Isitoshe, liko katika Bonde la Ufa, ambako tetemeko la Desemba 2005 lilifikia kipimo cha 6.8.

Dhana: Basi hakuna kisiwa kinachofaa.

Ukweli: Kipo kimoja, ingawa hakikuchaguliwa kwa umbali. Finland imechimba mahandaki ya Onkalo katika kisiwa cha Olkiluoto, kilicho karibu na pwani na chenye vinu vya nyuklia juu yake. Kilichopimwa huko ni mwamba wenye umri wa takriban miaka bilioni 1.9. Mafuta ya nyuklia yaliyotumika yamepangiwa kuwekwa humo kwa kina cha mita 400 na zaidi, ndani ya makasha ya shaba yaliyozungushiwa udongo wa mfinyanzi unaovimba ukipata maji na kuziba njia. Halmashauri ya Eurajoki, kilipo kisiwa hicho, ilipewa haki ya kukataa, nayo ikakubali mwaka 2000.