Glasi Ileile, Damu Tofauti

"Daktari, mbona mwenzangu pombe haimfanyi kitu?" Swali hili huulizwa zaidi na wanawake. Mke na mume wamekunywa pamoja mwishoni mwa wiki, chupa kwa chupa. Siku chache baadaye mke analalamika kifua na homa, mume yu buheri wa afya, tena anatabasamu kana kwamba amesifiwa. Huwa namwambia mama asubiri kidogo, maana jibu lina sehemu ya mume pia.

Tuanze na hesabu. Pombe ikishaingia kwenye damu husambaa kwenye maji ya mwili, mafuta haiyapendi. Mwili wa mwanamume mzima ni maji kwa takriban asilimia 60, wa mwanamke ni kati ya 50 na 55. Wapandishe kwenye mizani wakiwa na kilo sawasawa, wape glasi sawasawa, na bado damu ya mwanamke itakuwa na pombe nyingi zaidi. Ni kijiko kilekile cha chumvi kwenye sufuria ndogo. Kuna utafiti maarufu wa mwaka 1990 ulioongeza kwamba kimeng'enya kinachovunja pombe tumboni hufanya kazi kidogo zaidi kwa wanawake. Wapo waliobishania ukubwa wa tofauti hiyo, lakini ya maji haina ubishi.

Sasa kinga. Watu hudhani pombe "inashusha kinga", basi. Ingekuwa hivyo tu, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Pombe huilaza kinga mahali inapohitajika na kuiamsha mahali pasipo na adui. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwapa vodka vijana wenye afya njema, kisha wakawatoa damu mara kadhaa. Dakika 20 baada ya ulevi kufika kileleni, kinga ilikuwa imechangamka. Saa 2 baadaye, na hata saa 5, aina mbili za seli nyeupe zilikuwa zimepungua kwenye damu: monosaiti, na zile zinazoua seli zilizovamiwa na virusi. Huo ni usiku mmoja tu, kwa watu wasio wagonjwa.

Mahali pa kutazama hasa ni utumbo. Ndani yake wanaishi bakteria wasiohesabika, na kinachowatenga na damu ni ukuta wa safu moja ya seli zilizoshikana bega kwa bega. Pombe, pamoja na asetaldehaidi inayotokana nayo, hulegeza maungio hayo. Vipande vya maganda ya bakteria, tunaviita endotoksini, hupenya na kubebwa na damu moja kwa moja hadi kwenye ini. Huko wapo walinzi wakazi, seli za Kupffer. Zikigusana na endotoksini hutoa saitokini, yaani kemikali za kuitana vitani, na vita hivyo hupiganwa juu ya mwili wa ini lenyewe. Mwaka 2014 jaribio jingine la Marekani lilionyesha kwamba mnywo mmoja mkubwa unatosha kupandisha endotoksini kwenye damu ya mtu mwenye afya, na wanawake walipanda kuliko wanaume.

Hapa ndipo jambo linaponivutia. Kinga ya mwanamke kwa kawaida ni kali kuliko ya mwanamume. Ana kromosomu X mbili, na X imebeba jeni nyingi za kinga. Estrojeni, homoni ya kike, nayo huchochea. Ndiyo maana chanjo nyingi humpa kingamwili nyingi zaidi, na ndiyo maana pia magonjwa ya kinga kujishambulia, kama lupasi, humwandama yeye zaidi. Katika majaribio ya panya, estrojeni iliziongezea seli za Kupffer wepesi wa kuchokozeka na endotoksini. Kwa hiyo sikubali mtu akisema mwanamke ni dhaifu mbele ya pombe. Askari wake ni wakali, na pombe huwaelekeza kwenye nyumba yao wenyewe. Matokeo tunayaona: wanawake hupata ini lililosinyaa kwa pombe kidogo zaidi na kwa miaka michache zaidi ya unywaji.

Na mume anayetabasamu? Wodi za magonjwa ya pombe zimejaa wanaume, kwa sababu moja ya wazi: wanakunywa zaidi. Tangu mwaka 1785 daktari Benjamin Rush wa Marekani alikwisha kuwahusisha walevi na nimonia. Pombe hudhoofisha vinyweleo vinavyofagia makohozi, hupunguza nguvu ya makrofaji, seli walinzi, kumeza bakteria ndani ya mapafu, na mlevi aliyelala fofofo huvuta mate na matapishi bila hata kukohoa. Wanaokunywa zaidi ya gramu 40 za pombe kwa siku wana hatari ya kifua kikuu karibu mara tatu. Gramu 40 ni kama chupa tatu za mililita 330 za bia ya asilimia 5. Wengi nikiwatajia hesabu hiyo hunyamaza.

Nikiri kosa letu pia. Mwanamume akija na nimonia tunamuuliza pombe kabla hajakaa. Mwanamke tunamwonea haya, naye anatuonea haya, na faili linabaki tupu.

Habari njema ni kwamba kinga hurudi. Mwaka 1999 madaktari wa Denmark waliwachukua wanywaji wakubwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wa utumbo mpana. Nusu yao waliacha pombe mwezi mmoja kabla. Matatizo baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 31 ya walioacha, na asilimia 74 ya walioendelea. Mwezi mmoja tu. Basi ukipangiwa upasuaji, mtajie daktari kiasi chako halisi, uwe baba au mama. Na kama asubuhi unaamka mikono inatetemeka mpaka upate ya kwanza, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani: degedege la kuacha pombe huua. Njoo tukupunguzie kwa dawa.