Wanavyodhani watu kuhusu epidemiolojia ya data kubwa (kuchunguza magonjwa katika jamii kwa rekodi za watu wengi mno)

"Lazima uwe daktari kwanza."
Wala. Kwenye timu moja utamkuta muuguzi, mwanatakwimu, mtu wa kompyuta na mtaalamu wa ramani. Udaktari unasaidia, ila tiketi yenyewe ni shahada ya uzamili ya epidemiolojia au takwimu za afya. R, programu ya kuchambulia takwimu, inapakuliwa bure.

"Data ikiwa kubwa, jibu haliwezi kukosea."
Hii ndiyo inayoumiza. UK Biobank, mradi wa kukusanya data za afya kwa ajili ya utafiti, iliandikisha watu wapatao 500,000 Uingereza kati ya 2006 na 2010. Hao ni takriban 5.5% tu ya walioalikwa, na kwa jumla walikuwa na afya nzuri kuliko wenzao wa rika. Ukitaka kukadiria wavutaji sigara wa nchi nzima kwa kuwatazama hao, utakosea huku unajiamini. Mei 2020, jarida la tiba The Lancet lilichapisha utafiti wa hydroxychloroquine, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa COVID-19, uliodai wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671. Wasomaji wakahoji, wakaguzi huru wakanyimwa data ghafi, na kabla ya wiki mbili kupita makala ikaondolewa.

"Kazi ni kubonyeza kompyuta."
Muda mwingi unaishia kwenye kusafisha. Unafungua faili, wazee kibao "wamezaliwa" tarehe 1 Januari, kwa kuwa tarehe halisi haijulikani ikakisiwa. Wenye miaka 40, 50 na 60 wamejazana, wa 41 na 51 unawatafuta kwa tochi. Halafu malaria: zamani homa tu ilitosha mtu kuandikwa malaria kwenye kitabu cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya Tanzania. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea baada ya 2010, homa zisizo malaria zikaanza kutengwa, idadi ikabadilika, na sehemu ya badiliko hilo haimhusu mbu hata kidogo. Asiyelijua hilo atavipa vyandarua sifa zisizo zao (nami sina ugomvi na vyandarua). Mchambuzi mzuri hufunga safari hadi zahanati, akamuulize aliyejaza kitabu.

"Data ipo, unachukua tu."
Tanzania utahitaji kibali cha maadili, cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) au cha taasisi yako, na majina huondolewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022.

"Ajira ziko ng'ambo."
Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania, inafuatilia kaya za Kilombero na Ulanga tangu 1996; watafiti wa Kilifi, Kenya, wanafanya hivyo tangu 2000. Wadodosaji hurudi nyumba zilezile kuuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, na kila mzunguko unahitaji mtu wa kuuchambua.