Klasi A, AB, D kwa ampu: hizo herufi si maksi

Watu wengi wakiona ampu, yaani kile kikuza sauti, imeandikwa klasi A na nyingine klasi D wadhani A ndo imepasi na D imefeli. Sivyo. Herufi yasema tu zile transista, vile vipande vya ndani vya kufungulia na kufungia umeme, zinazosukuma spika zafanya kazi namna gani, na kwa mtu wa kawaida maana yake kubwa ni hii, umeme unaouvuta kwa soketi kiasi gani chafika kwa spika na kiasi gani chageuka joto.

Klasi A transista haizimi kamwe, umeme wapita mziki uwepo usiwepo, kama matatu iko steji yanguruma na abiria hamna. Faida yake wimbi lote la sauti lapita mahali pamoja bila kukatwa, kwa hivo udi ukiwa wapigwa pole pole ule mlio wa mwisho waufuata mpaka unapotea. Hasara ni joto sasa. Hata kwa hesabu za kitabuni umeme unaofika kwa spika hauvuki asilimia 50, na zile za muundo rahisi zagota 25. Ampu ya wati 25 kila upande yaweza kuvuta wati 200 hivi hata sauti ukiiteremsha mpaka chini, manake masaa matano tu uniti moja ya tokeni ishaenda, na ujiulize chumba chako Majengo mwezi wa pili, feni yenyewe yapuliza hewa moto, waongeza jiko la nini? Na kapasita za ndani, vile vikopo vya kuweka umeme, hazipendi joto, kila digrii 10 zikiongezeka umri wake wapungua kama nusu.

Klasi B ikagawa kazi, transista moja yashika nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini. Hapo waweza kufika asilimia 78 kwa nadharia, lakini pale zinapopokezana ya kwanza ishazima na ya pili bado haijaamka sawasawa, basi sauti yakwaruza, na zaidi ukisikiza chini chini. Ndio ikaja AB, zote mbili zaachiwa umeme kidogo wa kuziweka macho. Ampu nyingi za nyumbani, hata zile za Kijapani za miaka ya 70 na 80 wazee bado wanazo sebuleni, ni hii. Ukipeleka kwa fundi akabadilisha transista mwambie aseti upya huo umeme mdogo, asipofanya hivo ama itakwaruza ama itachemka.

G na H ni ndugu za AB, volti za ndani zapanda mziki ukipanda, bas. Klasi T lilikuwa jina la biashara la kampuni ya Tripath, ndani ni D.

D yenyewe transista haikai katikati, ama imefunguka yote ama imefunga yote, mara laki kadhaa kwa sekunde, na muda inaokaa wazi ndio unaobeba sauti, alafu koili na kapasita zachuja ule mchezo kabla haujafika kwa spika. Zaweza kupita asilimia 90. Za mwanzo zilikuwa kali sikioni, kweli, lakini siku hizi bodi ndogo ya ampu yenye chipu ya TPA3116 na adapta nzuri ya volti 19 yatosha sebule ya kawaida bila hata kupata moto wa maana. Mimi kwa hali ya hewa yetu ningechukua D au AB, pesa inayobaki yote niitie kwa spika.

Na ukijua haya hakuna wa kukudanganya dukani. Sabufa mbele imeandikwa PMPO wati 8000, ile namba ya kilele ya kutangazia biashara, wewe igeuze nyuma usome inavuta ngapi. Ikiwa ni wati 60, hata iwe klasi D ya asilimia 90, ikipiga mfululizo haitoi zaidi ya 54, na hizo ni za spika zote pamoja.