Toki: nguvu inayovuta tela

Ukipata pancha pale Ubungo na nati ikagoma, fundi hahangaiki kutunisha msuli. Anachomeka bomba kwenye mpini wa spana, anabonyeza kwa mguu, nati inalegea. Nguvu zake ni zilezile, mpini tu ndio umerefuka. Uwezo huo wa kuzungusha kitu ndio toki, na hupimwa kwa nyutoni-mita. Kilo 10 zikining'inia kwenye ncha ya spana ya mita 1 zinatoa karibu nyutoni-mita 98.

Wanunuzi wengi wa magari huuliza CC na ulaji wa mafuta. Mwenye boti ya kuvuta hadi Kunduchi, au tela la mchanga, aulize toki, tena aulize inapatikana injini ikizunguka mara ngapi kwa dakika. Hilux ya petroli ya lita 2.7 inatoa 245, na inazifikisha kwenye mizunguko 4,000. Ya dizeli ya lita 2.8, otomatiki, toleo la kuanzia 2020, inatoa 500 kuanzia mizunguko 1,600. Dizeli inaondoka na mzigo kimyakimya. Ya petroli lazima uikandamize mpaka ilie, na hapo ndipo inapolewa wese.

Siri ya dizeli inaanzia kwenye kubana hewa. Dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa tupu inabanwa mara 15 hadi 20 mpaka iwe ya moto wa kutosha kuwasha mafuta yanayopulizwa na nozeli. Petroli ukiibana hivyo italipuka kabla ya wakati wake, kwa hiyo kwa kawaida inaishia mara 9 hadi 12. Dizeli za siku hizi zina pia tabo, inayosukumia hewa zaidi ndani ya silinda ili mafuta mengi zaidi yaungue na toki iongezeke. Gharama ya injini ya dizeli utaijua siku umeweka dizeli yenye maji: pampu na nozeli haziombi radhi, na bei zake ni za kukaa chini kwanza.

Haibridi je, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme? Mota ya umeme hutoa toki yake yote tangu gari limesimama, na ukikanyaga breki inarudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana haibridi ndogo kama Toyota Aqua kwenye foleni ya Mwenge inaonja mafuta tu. Lakini ilipe tela ipande nalo mlima Kitonga. Betri ya Prius nyingi ina kama kilowati-saa 1.3, inayoisha mapema kwenye mlima mrefu, na kinachobaki ni injini ndogo ya petroli kubeba kila kitu peke yake.

Si kwamba umeme hauvuti. Vichwa vingi vya treni kwenye reli ya zamani vina injini ya dizeli inayofua umeme wa kuzungusha mota za magurudumu. Treni ya reli mpya, SGR, ya Dar hadi Dodoma ni umeme mtupu, ila yenyewe haitegemei betri: inachota kwenye waya wa juu njia nzima.