Idadi ya nyuzi si unene wa uzi

Hapa Bukavu, ambako baridi ya asubuhi huwafanya akina mama wengi kufuma sweta za watoto, imezoeleka kuamini kwamba uzi uliosokotwa kwa nyuzi ndogo nne lazima uwe mnene kuliko ule wa nyuzi mbili. Sivyo. Idadi hiyo hueleza tu ni nyuzi ngapi zimesokotwa pamoja, na nyuzi mbili nene huweza kuzidi nne nyembamba.

Imani hiyo ina chimbuko la kweli: Uingereza na Australia, nyuzi hizo ndogo zamani zilikuwa na unene uliokaribiana, hivyo 4 na 8 zikageuka majina ya unene, na zimebaki hivyo ingawa uzi unaoitwa 8 leo huenda una nyuzi nne tu.

Afadhali kutazama urefu kwa uzito: gramu 100 za sufu zenye mita 400 hivi ni uzi mwembamba, zenye mita 200 hivi ni wa wastani. Karatasi ya maelezo iliyofungwa kwenye donge la uzi ikipotea, uzungushe uzi kwenye rula bila kuuvuta, mizunguko ikigusana, kisha uhesabu iliyomo katika sentimita 2.5, kadiri inavyokuwa mingi, ndivyo uzi ulivyo mwembamba.