Haloperidoli: mambo ambayo dirisha la dawa halina muda wa kukuambia

Mimi ni mfamasia, na siku za kliniki ya afya ya akili foleni ya dirishani kwangu huwa haikatiki. Mgonjwa anapokea bahasha imeandikwa "1 x 2", anaambiwa asubuhi na jioni, anayefuata. Kwa amoksilini hayo yanaweza kutosha. Kwa haloperidoli, inayotuliza ugonjwa wa akili, hayatoshi, maana ni dawa inayoweza kumtisha mtu wiki ya kwanza tu hadi akaitupa, na akishaitupa ugonjwa unarudi.

Imetengenezwa tangu mwaka 1958, huko Ubelgiji, na haijastaafu: ni ya bei nafuu na inafanya kazi. Ila haifanyi kazi yote kwa siku moja. Utulivu na usingizi huanza kurudi ndani ya siku chache, lakini sauti ambazo wengine hawazisikii, na ile hofu ya kuwindwa, huchukua wiki kadhaa kufifia. Ndugu anayeongeza kidonge siku ya nne kwa sababu "bado anaongea peke yake" haharakishi nafuu. Anaharakisha maudhi ya dawa.

Na maudhi yenyewe ndiyo haya. Kijana aliletwa kwetu shingo imepinda imelalia bega, macho yamegeukia juu, taya limekaza, maneno hayatoki. Akili anazo, anakusikia kila kitu. Mama yake alikuwa bado ameshika chupa ya maji ya upako, kwa sababu nyumbani walikwishaamua kwamba ni mapepo. Yalikuwa ni misuli iliyokakamaa kwa sababu ya dawa. Hali hii huwapata zaidi vijana wa kiume, kwa kawaida ndani ya saa au siku chache tangu kuanza dawa au kuongezewa dozi, na sindano moja hospitalini humlegeza mtu mara nyingi ndani ya nusu saa. Sina ugomvi na maombi. Ninachotaka ni kwamba gari la kwenda hospitali liitwe kwanza, kwa sababu misuli ya koo nayo inaweza kukaza.

Udhia mwingine haushtui watu, na kwa hiyo hupita bila kutambuliwa. Mgonjwa anakaa, anainuka, anazunguka uani, anarudi, anakanyagakanyaga papo hapo kama anayesubiri choo. Nyumbani wanasema ugonjwa umepanda, wanaongeza kidonge, na hali inazidi. Muulizeni mwenyewe taratibu, wengi hujibu kwamba ni miguu inayokataa kutulia, si mawazo. Hapo dozi huenda ikahitaji kupunguzwa, na uamuzi huo ni wa kliniki. Artane, ambayo wengi hupewa pamoja na haloperidoli, inasaidia sana shingo na mitetemeko lakini kwa kutotulia huku msaada wake ni mdogo. (Artane ikaushayo mdomo na kuziba choo si ya kunywa milele, wala si ya kumgawia jirani. Kuna vijana mitaani wanaoinunua ili walewe, kwa hiyo ifungieni.)

Sasa homa. Kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi tunapatia. Lakini mtu anayemeza haloperidoli akipata homa kali, mwili ukakakamaa kama ubao, jasho likamtiririka na akaanza kuchanganyikiwa, msimpe kidonge kinachofuata. Mpelekeni hospitali usiku huohuo mkiwa na ile bahasha, na mseme wazi anatumia nini. Hali hii hutokea kwa nadra, lakini inaua, na kipimo cha malaria peke yake hakiwezi kuionyesha.

Hata ikiwa ni malaria kweli, bahasha hiyo ionyesheni kabla ya kupewa dawa mseto. Lumefantrini iliyomo kwenye mseto wa kawaida inaweza kugusa mwenendo wa mapigo ya moyo, na haloperidoli nayo hivyohivyo. Maana yake si kwamba mkatae kutibiwa malaria. Maana yake mtaalamu achague akiwa anajua. Vilevile Plasil, ile ya kutapika: inafanana na haloperidoli katika namna inavyofanya kazi, na zikikutana shingo hupinda kwa urahisi zaidi. Mirungi na bangi huchochea dalili zilezile tunazozituliza, pombe huongeza kusinzia.

Kila mnapochukua dawa upya, someni namba kwenye kopo au pakiti. Vipo vidonge vya miligramu 5 na vya miligramu 1.5, na pale aina moja inapokwisha stoo mnaweza kupewa nyingine. "Kimoja" cha mwezi huu si lazima kilingane na "kimoja" cha mwezi uliopita. Mgonjwa akisahau kidonge na akakumbuka mapema, akimeze. Kama muda wa kinachofuata umekaribia, aachane na kilichopita, asimeze viwili. Wanaofunga Ramadhani wapite kliniki kabla mwezi haujaandama, ili nyakati za dawa zipangwe upya kati ya futari na daku.

Naulizwa sana kuhusu kusaga kidonge na kukificha kwenye uji. Nawaelewa wanaouliza, wengi wao hawajalala siku kadhaa. Bado nasema msifanye. Ugonjwa wenyewe unamwambia mgonjwa kwamba watu wanamtilia sumu, na siku atakayogundua atakuwa amepata ushahidi. Ataacha uji, ataacha na chakula chenu chote. Kama hamezi kabisa, kliniki ina sindano ya kukaa mwilini kwa wiki kadhaa, ni bora kuzungumzia hiyo. Na mzee aliyepoteza kumbukumbu msimpe haloperidoli ya mtu mwingine ili atulie usiku. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitolea dawa za kundi hili, zikiwemo za zamani kama haloperidoli, onyo kwamba zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Baada ya miezi mtu akirudi kazini, swali linakuja: nimepona, bado ninywe? Baada ya tukio la kwanza kwa kawaida dawa huendelea kwa mwaka mmoja au zaidi tangu nafuu ipatikane, kisha hupunguzwa hatua kwa hatua, mtu akiangaliwa. Kukata ghafla mara nyingi hakuleti shida wiki ile ile, na ndicho kinachowadanganya watu. Shida hubisha hodi wiki au miezi baadaye. Katika muda huo wote wa kutumia, mtazameni mdomo: ulimi unaochezacheza, midomo inayotafuna bila chakula, kope zinazopepesa mfululizo. Mkiyaona, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu yakiachwa yakakomaa yanaweza kubaki hata dawa ikisimamishwa.