Mwongozo wa picha: maana yake, na kwa nini picha nyingi hazitoshi

Mwongozo wa picha ni maelezo ya kazi ya mikono ambayo kazi kubwa ya kufundisha inafanywa na picha, na maneno yanaingia pale picha inaposhindwa. Unaanza na malighafi, unaishia kwenye kitu kilichokamilika, na katikati kila picha inamwonyesha msomaji jambo moja lililobadilika tangu picha iliyotangulia. Hilo la mwisho ndilo linaloutofautisha na albamu. Unaweza kupewa picha thelathini nzuri za mtu anayesuka kikapu na bado usijue pa kuanzia. Mwingine akakupa saba tu, zilizopigwa kwa mpango, ukasuka.

Tuchukue shanga za karatasi, kazi inayojulikana sana Kampala. Pale Acholi Quarters, Kireka, akina mama waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda wamezitengeneza kwa miaka mingi. Kalenda iliyopitwa na wakati au gazeti la rangi hukatwa vipande virefu vya pembetatu. Kila kipande kinaviringishwa kwenye sindano nene kuanzia upande mpana, ncha inabandikwa kwa gundi, ushanga unapakwa vanishi na kutungikwa ukauke. Kazi yote imeelezwa, lakini anayeanza akiwa na mkasi mkononi atakwama mara mbili: kwenye kukata na kwenye kuviringisha.

Kwanza kukata. Pembetatu hizo hupangwa zikipishana, moja ikitazama juu na jirani yake chini, ili karatasi isipotee. Upande mmoja wa karatasi unaweka alama kila sentimita 1.5. Upande wa pili unaanza na sentimita 0.75, kisha unaendelea kwa 1.5. Halafu unaunganisha alama hizo kwa mistari ya kwenda na kurudi. Soma tena sentensi hizo uone zinavyochosha. Picha moja ya karatasi iliyolazwa mezani, rula ikiwa juu yake na mistari ya kalamu ikionekana vizuri, inamaliza maneno yote hayo. Ukiongeza picha ya pembetatu nyembamba na nene, kila moja na ushanga wake pembeni, msomaji anajionea mwenyewe kwamba upana wa kitako ndio urefu wa ushanga, na urefu wa kipande ndio unene wake.

Pili kuviringisha. Kipande kikienda upande hata kidogo, ushanga unapinda na hauwezi kuokolewa. Kinachotakiwa kuonekana ni ushanga uliofikia nusu, umepigwa picha kutoka juu, kingo za kulia na kushoto zikiwa sawasawa. Na kando yake uwepo uliopinda. Wengi wanaopiga picha za kazi zao huficha zilizoharibika, nami naona hapo ndipo miongozo mingi inapopoteza nguvu. Mwanafunzi akiona kosa kwa macho yake, atalitambua mkononi mwake kabla gundi haijakauka.

Kamera nayo ina mahali pake. Piga picha kutoka upande wa anayefanya kazi, juu ya bega lake, ili mkono wa kulia kwenye picha uwe mkono wa kulia wa msomaji. Ukipiga ukiwa umekaa mbele yake, kila kitu kinageuka, na msomaji anabaki akizungusha simu. Mwanga wa mlangoni asubuhi unafaa kuliko flashi, ambayo huacha doa jeupe juu ya vanishi. Chini tandika kitambaa cha rangi moja, maana mkeka wenye nakshi unameza vitu vidogo. Na weka kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake: sarafu ya shilingi 500 inatosha.

Yapo ambayo picha haiwezi kuyabeba. Fikiria kitambaa cha gome cha Buganda, kile cha mti wa mutuba, ambacho utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Gome hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, mafundi wakitoka kwenye mifereji mipana kwenda kwenye myembamba. Picha ya karibu itakuonyesha mifereji hiyo vizuri sana. Lakini uzito wa pigo, unyevu wa gome, namna linavyolegea na kupanuka chini ya nyundo, hayo hayapigiki picha. Hapo mwandishi lazima aseme mkono unahisi nini, na aseme kwa uwazi. Hata kwenye shanga, gundi iliyo tayari kupakwa vanishi haionekani kwenye picha. Andika tu kwamba ushanga usinate kidoleni.

Video je? Inaonyesha mwendo kuliko picha, sibishi. Ila mtu mwenye gundi kwenye vidole anahitaji hatua inayomsubiri, na video haimsubiri. Halafu kuna suala la data.

Uganda suala hilo si dogo. Julai 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikaondolewa, ikaja badala yake kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Sasa piga hesabu. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 mara nyingi ina uzito wa megabaiti tatu hadi tano. Ukichukua nne kwa wastani, picha ishirini ni megabaiti 80. Ukizipunguza hadi upana wa pikseli 1,200, kila moja inaweza kushuka hadi karibu kilobaiti 200, na mwongozo mzima ukawa megabaiti nne, bila kupoteza chochote ambacho jicho linakihitaji kwenye kioo cha simu. Kumpunguzia msomaji mzigo huo ni sehemu ya kufundisha. Anayeshindwa kuufungua mwongozo hajafundishwa.

Punguza mara moja tu, kutoka kwenye picha ya asili. Picha za JPEG hupoteza kitu kila zinapohaririwa na kuhifadhiwa upya, na WhatsApp nayo huzibana zaidi inapozituma, isipokuwa ukizituma kama dokumenti. Zikishapita mikono kumi, mstari wa kalamu kwenye karatasi hauonekani tena. Mpangilio nao huvurugika na maneno huachana na picha zake, kwa hiyo andika namba ndani ya picha yenyewe, pembeni. Njia salama zaidi ni kuziweka zote kwenye faili moja la PDF, pamoja na maelezo yake.

Kabla ya kutuma, angalia pia kama simu imeandika mahali ulipopigia picha. Taarifa hiyo hukaa ndani ya faili, na ukiituma faili ya asili, anayeipokea anaweza kujua ulipo mlango wa nyumba yako. Kama mikono iliyo kwenye picha ni ya fundi mwingine, mwombe ruhusa na uandike jina lake akikubali. Na chini ya kila picha weka sentensi inayosema kinachoonekana, kwa ajili ya asiyeona ambaye simu humsomea.

Uganda, nchi yenye lugha zaidi ya arobaini, inafaidika na mafunzo ya aina hii kuliko nyingi. Mtu wa Arua na mtu wa Mbarara wanaweza kufuata mishale na namba zilezile, na maelezo mafupi ya Kiswahili yakafika hata Bunia kule Kongo na Kisumu kule Kenya.

Ukitaka kujua kama mwongozo wako umekamilika, mpe mtu asiyeijua kazi, umwekee karatasi, mkasi na gundi, kisha ukae kimya. Usimsaidie hata akikutazama. Pale atakaposimamisha mikono na kuanza kuuliza, ndipo picha moja inakosekana.